Njia Kwanza, Nywele Baadaye: Kumsuka Mhusika wa Katuni wa Kigoma na Tabora

Msusi anayefanya kazi chini ya mwembe mjini Tabora haanzi na nywele. Anaanza na mkia wa kichana. Anagawa kichwa kutoka paji la uso hadi kisogo, anabana pembeni nywele ambazo zamu yake haijafika, anapaka mafuta kidogo kwenye mstari wa ngozi uliobaki wazi, ndipo vidole vinaingia kazini. Mstari ule ndio njia. Njia ikipinda, msuko nao unapinda, hata mkono wa msusi uwe mwepesi namna gani.

Wachoraji wetu wengi wa katuni wanafanya kinyume. Wanachora uso mpaka uwapendeze, kisha wanaubandika juu kipande cheusi chenye umbo la wingu au la kofia. Kikionekana kitupu wanakitia vijistari viwili vitatu ili kionekane kimesukwa. Matokeo tunayaona kila siku: binti wa Kasulu, mama wa Nzega na dada wa Dar es Salaam wana nywele zilezile, na kichwa kikigeuka upande, vile vijistari vinahamia mahali ambapo hakuna msusi angeweza kuvipeleka. Ninashikilia kwamba kosa hili halitokani na uvivu wala ukosefu wa kipaji. Linatokana na kuanza kazi mahali pasipo penyewe. Nywele zetu nyingi husukwa zikalala juu ya ngozi ya kichwa, kwa hiyo kuzichora ni kuchora kichwa kwanza.

Sheria ya kwanza anayofundishwa kila mchora katuni ni ya umbo jeusi: mjaze mhusika rangi nyeusi mwili mzima, uone kama bado anatambulika. Sheria hiyo ni nzuri na imezaa sura zinazojulikana dunia nzima. Bart, yule mtoto wa The Simpsons aliyebuniwa na Matt Groening na kuanza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1987, ana ncha 9 za nywele utosini, na huhitaji kuona jicho lake ili umjue. Hata mpaka kati ya nywele na ngozi hana, maana vyote vina rangi moja. Mickey Mouse naye ana masikio mawili ya duara yanayobaki duara hata akigeuka upande. Lakini angalia sheria hiyo ilizaliwa wapi. Ilizaliwa kwa wahusika ambao kitambulisho chao kinasimama nje ya kichwa. Mjaze rangi nyeusi binti aliyesukwa twende kilioni, utapata kichwa laini kisicho na alama yoyote. Mchoraji anayeifuata sheria bila kuipima anakata tamaa, anamfumua binti wa watu na kumpa afro kubwa au mikia miwili. Hapo ndipo afro ilipogeuka kuwa sare ya kila mtoto mweusi kwenye katuni.

Kuna jibu jingine, nalo ni kumpa mhusika alama za aina mbili. Ya kwanza ni njia zenyewe, zinazosomeka ndani ya umbo. Ya pili ni vinundu vidogo kwenye ukingo wa kichwa, pale ambapo kila mstari wa msuko unanyanyuka kidogo kutoka kwenye ngozi. Kimo cha mnyanyuko kikiwa kama asilimia 3 hadi 5 ya upana wa kichwa, jicho linajua mara moja kwamba pana msuko. Ukizidisha, kichwa kinakuwa nanasi.

Tuichukue twende kilioni yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoonekana rahisi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Chora tufe la kichwa, halafu weka alama nne: mpaka wa nywele juu ya paji, sikio la kulia, sikio la kushoto na mwisho wa nywele kisogoni. Kutoka mpaka wa mbele hadi kisogoni piga njia kama mistari ya longitudo kwenye lile tufe la dunia linalowekwa juu ya kabati la mwalimu. Boga lenye mifuo nalo ni mfano mzuri, na linapatikana sokoni. Idadi ya mistari ya msuko iwe shufwa, na kwa katuni 6 inatosha. Sababu ya shufwa ni ya kazi kabisa: ukiwa na mistari 6, njia moja inaangukia katikati ya kichwa, juu ya pua, na njia hiyo inakuwa rula yako kila kichwa kinapogeuka. Ukiwa na 5 au 7, msuko ndio unaokaa katikati, unabaki ukikisia.

Sasa panafika mahali wengi wanapoanguka. Kichwa kikiwa kinatazama mbele, ile mistari 6 haiwezi kuwa na upana sawa kwenye picha, ingawa kichwani iko sawa. Tuseme kichwa kina upana wa piseli 220 (piseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo), yaani 110 kutoka katikati hadi ukingoni. Mstari ulio jirani na njia ya katikati unapata piseli 55, unaofuata unapata 40, wa pembeni unapata 15 tu. Mchoraji akigawa sawasawa, piseli 37 kwa kila mmoja, kichwa kinalala bapa kama sinia, na hakuna kivuli kitakachokiokoa. Kichwa kikigeuka nyuzi 45, upande wa mbali wote unabanwa ndani ya piseli 32: mstari wa kwanza unapata 28, wa pili 4, wa tatu umeshazama nyuma. Hizi si hesabu za kukariri. Ni za kuchora mara moja kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza.

Njia zenyewe zipungue upana kwa utaratibu huohuo. Ya katikati ikiwa na piseli 6, inayofuata iwe 4, ya pembeni 2. Rangi ya njia ichukuliwe kwenye ngozi ya uso na ing'arishwe kidogo, asilimia 5 hadi 8, kwa sababu ngozi ya kichwa haipigwi jua kama paji. Wanaoijaza njia rangi nyeupe au kijivu wanachora mistari ya chokaa kiwanjani.

Alama za msuko ndani ya mstari, zile zinazofanana na punje za ngano, ziwekwe kwa ubahili. Mistari miwili ya katikati ipate alama 3 au 4 kila mmoja, inayofuata mbili, ya pembeni isipate kitu. Zote zielekee upande mmoja kutoka paji kwenda kisogo. Zikigeukiana katikati ya kichwa, mtazamaji ataona magamba ya samaki.

Kwa nini 6, wakati msusi wa kweli anaweza kutoa 10 au 12? Kwa sababu ya simu. Mtoto wa Mwanga ya Kigoma au wa Urambo anaangalia katuni kwenye simu ya mzazi, na kifurushi kikiwa kidogo video inashushwa hadi mistari 360 ya kimo. Picha iliyochorwa kwa kimo cha 1080 inagawanywa kwa 3. Kichwa chetu cha upana wa piseli 220 kinabaki na 73. Ukiwa umechora mistari 10 yenye njia za piseli 3, kila njia imebaki piseli moja, na mgandamizo wa video unaimeza. Kinachobaki ni ukungu mweusi, yaani kofia ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Mistari 6 yenye njia ya piseli 6 inabaki na njia ya piseli 2, na hiyo inavuka salama. Mchoro uliopendeza kwenye kioo kikubwa cha kompyuta bado haujajaribiwa. Upunguze hadi kimo cha 360, uutume kwenye simu ya bei nafuu, uutazame ukiwa umesimama nje mchana.

Kupunguza mistari kuna faida nyingine, nayo ni muda. Katuni inayochorwa picha 12 kwa sekunde inahitaji picha 720 kwa dakika moja. Nywele za mhusika zikiwa na mistari 24 ya kalamu, na kila mstari ukichukua sekunde 2, dakika moja ya katuni inakula saa 9 na dakika 36 kwa nywele peke yake. Ukiishusha hadi mistari 9, unatumia saa 3 na dakika 36. Saa 6 zimeokolewa kwa kila dakika ya katuni, kwa mhusika mmoja. Akira Toriyama, mchoraji wa katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, alieleza kwamba nywele za shujaa wake Goku anapogeuka Super Saiyan, yaani umbo lake la nguvu kubwa, ziliachwa bila wino kwenye kurasa ili msaidizi wake asipoteze muda kuzijaza weusi. Nywele zile zinajulikana leo kila pembe ya dunia, na mwanzo wake ni kuokoa kazi. Kubana matumizi si dhambi katika ubunifu, mradi unajua unachobakiza. Kwa upande wetu kinachopaswa kubaki mpaka mwisho ni njia. Futa punje, futa mng'ao, futa vinywele vya pembeni, lakini njia ziache.

Mtindo ambao ningependa urudi kwenye karatasi za wachoraji wa kwetu kuliko mwingine wowote ni nywele za uzi. Msusi anagawa kichwa vipande, anashika kila kipande na kukizungushia uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, mpaka kinakuwa kijiti kigumu kinachosimama au kuinama kadiri anavyotaka. Ncha zinaweza kuunganishwa zikawa matao, au kukusanywa utosini zikawa taji. Mitaani sasa hivi mtindo huu unaonekana zaidi kwa bibi na kwa watoto wa vijijini, lakini kwa kazi ya katuni ni hazina. Umbo lake linasimama nje ya kichwa, kwa hiyo linashinda lile jaribio la umbo jeusi bila msaada. Halihitaji mistari ya ndani isipokuwa mikato michache ya mshazari kuonyesha uzi ulivyozunguka. Na kwa kuwa kijiti ni kigumu, hakiyumbi kama mkia. Kichwa kikisimama ghafla, kijiti kinatikisika mara moja au mbili kama waya na kutulia. Mhuishaji, yaani anayeitia michoro mwendo, anachora kichwa na nywele kama kitu kimoja, ana pumziko.

Kuna sababu inayowafanya wabunifu waliosoma wauogope mtindo huu, na ni ya haki. Katuni za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 ziliwachora watoto weusi wakiwa na vijiti vya nywele vilivyotawanyika kichwani, vimefungwa vitambaa, ili wachekwe. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki ya kuzirusha, ilizuia katuni 11 za Warner Bros. zisionyeshwe tena kwenye televisheni kwa sababu ya dhihaka za namna hiyo. Mchoraji wa leo akikumbuka michoro ile anaona salama kuukwepa uzi kabisa. Mimi naona kuukwepa ni kuwaachia wale wachoraji neno la mwisho juu ya kichwa cha bibi zetu. Tofauti kati ya dhihaka na heshima inaonekana kwa macho: kwenye michoro ile vijiti vimechomekwa popote, bila njia, kana kwamba nywele ziliota zenyewe hivyo. Kichwa kilichosukwa na mtu kina mpangilio. Vipande vina ukubwa unaolingana, kila kijiti kinaota katikati ya kipande chake, kulia kunajibizana na kushoto. Chora mpangilio huo na mtazamaji ataona kwamba kuna mama aliyekaa saa nzima na kichwa cha mwanawe magotini.

Rasta zina tabia nyingine kabisa. Hapa kichwa kinagawanywa viboksi, na kila msuko unaning'inia peke yake ukiwa umeongezwa nywele za bandia. Hakuna mtu anayepaswa kuchora rasta 80 moja moja. Zigawe mafungu 5: mawili mbele ya mabega, mawili nyuma ya masikio, moja mgongoni. Ndani ya kila fungu onyesha rasta 3 tu zinazosomeka, nyingine ziwe rangi iliyojaa. Juu, karibu na paji, onyesha viboksi vitatu au vinne kamili ili ijulikane zimetoka wapi. Usizichonge ncha kama brashi ya rangi. Msusi akimaliza huzichovya ncha kwenye maji ya moto zikafunga, kwa hiyo zinaishia nyembamba na laini. Unene wa msuko nchani uwe kama nusu ya ule wa shinani. Hapo ndipo brashi za kompyuta zinazorudia umbo moja kwenye mstari zinapodanganya, kwani bila kupunguza unene unapata mnyororo wa baiskeli.

Mwendo wake ni wa kitu kizito kinachoning'inia. Kwenye video ya fremu (yaani picha) 24 kwa sekunde, kichwa kikigeuka, shina linakwenda na kichwa, katikati inachelewa fremu 2, ncha inachelewa fremu 4. Zikiwa na shanga nchani, ongeza fremu 2 nyingine. Kichwa kikisimama, fungu linapitiliza, linarudi, linapitiliza tena kidogo, ndipo linatulia. Mhusika akisimama ufukweni Kibirizi, Kigoma, mashua zikitia nanga na upepo wa ziwa ukivuma, mafungu yasiinuke yote kwa pamoja. Yapishanishe fremu 2 au 3, la upande unaotoka upepo litangulie. Yakiinuka pamoja yanakuwa pazia.

Afro nayo ina mwendo wake. Wanaojifunza kwa kuangalia katuni za nje huipa mawimbi. Nywele za kipilipili hazina mawimbi. Zinafanya kazi kama sponji: mhusika akiruka, afro inabonyea kidogo, akitua inatanuka, kisha inarudi, na yote hayo ni kama asilimia 5 ya kimo chake.

Sasa tuingie darasani, maana hapa ndipo katuni nyingi zinazojiita za mazingira yetu zinaposema uongo mkubwa. Katika shule nyingi za msingi za serikali mwanafunzi, wa kike kwa wa kiume, hutakiwa awe amepunguza nywele hadi chini kabisa. Darasa la nne la Kibondo au Sikonge ni vichwa vilivyonyolewa, sare moja, madawati. Mbunifu anaogopa kwamba wote watafanana, kwa hiyo anawapa afro, mikia na vibanio vya rangi. Watoto wanaoangalia wanajua mara moja kwamba shule ile si yao.

Kichwa kilichonyolewa ni mtindo, na ni kipimo kizuri cha ujuzi wa mbunifu. Nywele zikiondoka, kinachobaki ni mambo manne: umbo la fuvu, mpaka wa nywele, masikio na shingo. Fuvu liwe la aina tofauti kabisa. Mmoja awe na kisogo kilichotokeza, mwingine kichwa cha yai kinachopanda juu, mwingine kipana juu ya masikio, mwingine paji linalotangulia mbele. Mpaka wa nywele kwenye paji uwe duara kwa mmoja, kwa mwingine ushuke ncha katikati, kwa wa tatu uwe juu sana. Masikio yapishane kimo na jinsi yanavyosimama. Kwa mambo hayo manne unapata watoto wanane ambao hawachanganyikani hata kwenye umbo jeusi, bila unywele mmoja.

Rangi ya sehemu iliyonyolewa isiwe bluu wala kijivu kama inavyochorwa kwa watu weupe. Kwa vipimo vya rangi vya kompyuta, vya 0 hadi 255, ngozi ya uso ikiwa na nyekundu 110, kijani 70, bluu 50, sehemu ya nywele iwe karibu na 88, 56, 42. Ukingo wake usififizwe kwa brashi laini. Uache mkali kwenye paji na uukate kidogo mbele ya sikio, kama mashine ya kinyozi inavyoacha.

Na muda upite kichwani. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mtoto aliyenyolewa shule inapofunguliwa Januari hawezi kuwa na afro ya kuchana Machi. Mhusika wa shule anahitaji vichwa vitatu kwenye faili lake: siku ya kunyolewa, baada ya mwezi, na likizo. Likizo ndipo binti ambaye nywele zake zimefikia kushikika anaposukwa, na hapo nywele zinasimulia jambo bila neno moja kusemwa. Hadithi nzima ya mapumziko inaweza kufunguliwa na picha ya msuko mpya.

Wenye hofu kwamba alama moja ndogo haitoshi kumtambulisha mhusika wana mfano hapohapo mkoani Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, sokwe wa kwanza kumzoea alipewa jina la David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za mvi kidevuni. Miili yote myeusi msituni, na kidevu kimoja kikatosha.

Kwa vijana wa kiume waliomaliza shule, kiduku na denge vinahitaji tahadhari moja: ule mfifio wa pembeni. Usiuchore kwa rangi inayoyeyuka taratibu, kwa kuwa video ikigandamizwa inageuka mabaka. Tumia rangi tatu bapa zilizopangwa kama ngazi, ukifuata vibao vya mashine ya kinyozi: namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 4 huacha kama 13. Kinyozi yeyote wa Mwanga ataisoma ngazi hiyo bila kuelezwa.

Na wapo ambao nywele zao hatutaziona kabisa. Mhusika mwanamke wa Ujiji mara nyingi atakuwa amejifunika ushungi akiwa barabarani, na mzee atakuwa na kofia ya kufuma. Hapo nguo inachukua kazi yote ya nywele. Mkunjo wa ushungi chini ya kidevu, kona inayoanguka begani na kimo cha kofia vipangwe kwa uangalifu uleule wa njia. Ila usisahau fuvu lililo chini yake. Ushungi uliochorwa bila kichwa ndani unakuwa mfuko.

Hadithi za kale zina deni kubwa zaidi, na Tabora ina hadithi nyingi za kale. Anayemchora kijana wa Unyanyembe wa karne ya 19, enzi za watawala Isike na Mirambo, asimpe afro ya miaka ya 1970 wala rasta za dukani. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwishoni mwa mwaka 1857, aliandika kwamba nywele za Wanyamwezi zilifika inchi 4 au 5, yaani sentimita 10 hadi 13, zikasokotwa vishada vidogo vingi, zikaachwa wazi pajini na kuning'inia hadi shingoni kama matamvua. Mtu huyo aliandika mengi ya dharau kuhusu watu wetu, na hayo tuyaache alipoyaacha, lakini kipimo cha sentimita ni kipimo. Kwa katuni, vishada hivyo viwe 9 au 11 kwa upande unaoonekana, vyote vya urefu mmoja, na paji liwe wazi. Umbo hilo jeusi halifanani na la mhusika mwingine yeyote ninayemjua. Liko hapa, la bure, na halijatumika.

Upande wa katuni za kompyuta zenye umbo la pande tatu sina mengi. Nywele zilizoendelezwa huko kwa miaka mingi ni za singa na za mawimbi. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo A.M. Darke na Theodore Kim, walichapisha hesabu za nywele za kipilipili, wakionyesha kwa mfano kwamba unywele mmoja unaweza kugeuza mwelekeo wa kujizungusha njiani, kama waya wa simu ya mezani. Ni kazi ya heshima, lakini studio ya watu wawili yenye kompyuta moja haihitaji kuingiza maelfu ya nyuzi. Kwenye Blender, ambayo haina malipo, finyanga afro kama donge, uipe ukwaru (roughness) wa 0.85 isiakisi mwanga kama plastiki, ukingo wake uuparuze kidogo. Kwa msuko, tengeneza kiungo kimoja chenye vipande vitatu, ukirudie kwenye mstari uliopinda. Kwenye kona kali viungo vitaingiliana, basi panua kona kabla hujarefusha kiungo.

Mwanga nao umezoeleka vibaya. Ile pete nyeupe inayozunguka kichwa kwenye katuni za Japani ni mng'ao wa nywele za singa. Kipilipili haitoi pete. Inatawanya mwanga, na msuko uliopakwa mafuta unatoa nukta juu ya kila punje. Kigoma na Tabora ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Mandhari ya mchana ipate nukta zake utosini, kivuli kianguke chini ya paji na chini ya masikio. Nywele zisiwe nyeusi tupu. Zipe nyekundu 38, kijani 30, bluu 30, ili mstari wa kalamu ulio mweusi zaidi ubaki ukionekana juu yake.

Limebaki jambo la karatasi ya mhusika, ile inayomwonyesha kutoka mbele, upande, nyuma na nusu upande ili kila mchoraji wa timu amchore vilevile. Karatasi nyingi zina picha hizo nne zikaishia hapo. Ongeza ya tano, kutoka juu, utosi ukitazama mbinguni. Ni picha ya dakika 10, ndiyo pekee inayoonyesha njia zote kwa pamoja, zinaanzia wapi na zinakutania wapi. Kisha mpelekee msusi karatasi hiyo pamoja na malipo ya muda wake kama mtaalamu mwingine yeyote wa kazi hiyo, umwambie amsuke binti wa kweli kwa kuifuata. Atashika mkia wa kichana na kuanza. Mahali atakaposimama na kuuliza mstari huu unakwenda wapi, ndipo pa kurudia kuchora.